NJIA NI YA NANI?
Historia Fupi ya Barabara za Makazi Madogo



Kamati ya Jumuiya imeniomba nichangie makala ya historia katika toleo hili la kumbukumbu ya Siku ya Wakimbizi Duniani. Wenzangu wameandika juu ya safari zetu, juu ya shule, na juu ya wazee waliotutangulia mbele ya haki. Mimi nimechagua jambo ambalo kila mmoja wetu hulikanyaga kila siku bila kuliuliza habari zake, yaani barabara. Nataka kueleza barabara za kambi kama yetu zilitoka wapi, kwa nini ziko jinsi zilivyo, na watu wa mahali pengine walifanya nini walipoona kwamba njia za mitaani kwao zimekuwa hatari kwa watoto wao.

Tuanze na kambi zenyewe. Kwa muda mrefu kambi za watu waliohama makwao zilipangwa kama kambi za jeshi: mistari mirefu iliyonyooka, hema nyuma ya hema, na barabara pana katikati. Mpango huo una faida kwa anayehesabu watu na kwa anayegawa chakula, kwani akisimama mwanzoni mwa mstari anauona mstari wote. Kwa anayeishi ndani yake faida ni chache. Mlango wako unatazama mgongo wa hema la mwenzako, choo kiko mwisho wa mstari, na hakuna uwanja ambao wewe na jirani zako mnaweza kuuita wenu.

Tarehe 23 Desemba 1972 tetemeko la ardhi liliubomoa Managua, mji mkuu wa Nikaragwa huko Amerika ya Kati. Mwaka uliofuata Mmarekani mmoja, Fred Cuny, alishiriki kupanga kambi ya watu waliopoteza nyumba, karibu na mji wa Masaya. Badala ya mistari aliweka makazi katika makundi madogo, kila kundi na uwanja wake wa pamoja. Cuny alitoweka huko Chechnya mwaka 1995 akiwa katika kazi ya misaada, wala hakuonekana tena, lakini fikra yake ilibaki. Kitabu cha mwongozo cha UNHCR kuhusu hali za dharura, ambacho kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1982, nacho kilikuja kuhesabu kambi kuanzia kwenye familia. Familia 16 hufanya jumuiya ya watu 80 hivi; jumuiya 16 hufanya bloku ya watu 1,250; bloku 4 hufanya sekta ya watu 5,000; na sekta 4 hufanya kambi ya watu 20,000. (Mwanafunzi wangu mmoja alinionyesha kwamba 16 mara 80 ni 1,280. Tumsamehe mwandishi wa mwongozo. Wakati wa dharura hesabu hufanywa kwa haraka.)

Mwongozo huo pia unataka pawepo ukanda mtupu wenye upana wa mita 30 kwa kila mita 300 za makazi, ili moto ukishika upande mmoja usirukie wa pili. Aliyewahi kuona mstari wa nyumba za turubai na nyasi ukiteketea kwa muda mfupi kuliko wa kuchota ndoo mbili za maji hatabishana na kanuni hii. Mimi sibishani nayo.

Hata hivyo, ardhi tupu iliyonyooka haikai tupu. Kwanza lilipita lori la maji, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kulitosha. Nyuma yake yakapita magari ya mashirika, kisha baiskeli za mizigo, na mwisho pikipiki. Hakuna aliyeketi kwenye kikao akaamua kwamba ukanda wa kukinga moto uwe barabara kuu ya kambi. Ulijifanya wenyewe. Na kwa kuwa haukuchorwa kama barabara, hauna ukingo, hauna mahali pa kuvukia, wala hauna upande wa waenda kwa miguu. Pikipiki hupita popote penye ukavu, leo kushoto, kesho kulia.

Sasa niruhusuni nifanye hesabu moja, kwani ndiyo kazi yangu. Mtoto wa darasa la kwanza aliyebeba mfuko wa daftari hutembea mita moja hivi kwa sekunde. Kuvuka ukanda wa mita 30 humchukua sekunde 30. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 kwa sekunde, kwa hiyo katika sekunde hizo 30 itakuwa imekwenda mita 330. Maana yake ni kwamba mtoto huyo, kabla ya kutia mguu, anapaswa kuiona pikipiki iliyo mbali zaidi ya mita 300, aikadirie mwendo wake, na ajue itapita upande gani wa ukanda. Katika vumbi la Agosti hata mimi mtu mzima siwezi.

Muhula uliopita mtoto wa darasa la pili alivunjwa mguu hapo, saa moja na nusu asubuhi. Aliyemgonga hakuwa mlevi wala mhuni. Ni kijana anayejulikana, anayelisha wadogo zake watatu kwa pikipiki hiyo, na ndiye aliyembeba mtoto mpaka zahanati. Maneno tuliyoyasikia baada ya hapo ni yale ya siku zote: wazazi washike watoto wao mikono, walimu wafundishe kuangalia kulia na kushoto, vijana wapunguze mwendo. Ni maneno mazuri. Lakini yote yanamtaka mtu abadilike na kuiacha njia vilevile ilivyo. Hapo ndipo historia inapoweza kutusaidia, maana kuna nchi iliyosema maneno hayohayo kwa miaka mingi, ikazika watoto wengi, kisha ikageuka.

Nchi hiyo ni Uholanzi. Leo ukitaja Uholanzi watu hufikiria baiskeli, wakadhani waliumbwa hivyo. Sivyo. Baada ya vita vya pili vya dunia uchumi wao ulikua upesi, magari yakaongezeka, na mitaa iliyojengwa kabla ya magari ikajazwa nayo. Watoto waliokuwa wakicheza mbele ya milango yao wakaambiwa waingie ndani. Mwaka 1971 peke yake watu zaidi ya 3,000 waliuawa na ajali za barabarani katika nchi ile ndogo, na miongoni mwao zaidi ya 400 walikuwa watoto.

Mmoja wa watoto hao alikuwa binti wa mwandishi wa gazeti la De Tijd, Vic Langenhoff, aliyegongwa na gari alipokuwa akienda shuleni kwa baiskeli. Mwaka 1972 baba huyo aliandika makala yenye kichwa kikali: Stop de Kindermoord, yaani komesheni mauaji ya watoto. Wengine waliona neno mauaji limepita kiasi, kwani ajali ni ajali. Nadhani nguvu ya makala ilikuwa katika neno hilohilo. Ukisema ajali umeikabidhi kwa bahati, na ukisema mauaji lazima mtu aulizwe. Kichwa hicho kikawa jina la kikundi cha wazazi, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa mama kijana aitwaye Maartje van Putten, ambaye miaka ya baadaye alikuwa mbunge katika Bunge la Ulaya.

Walifanya nini? Hawakuanza na michoro. Waliandamana kwa baiskeli. Walifunga mitaa kwa siku moja ili watoto wacheze, na watu wazima wakaona kwa macho yao jinsi mtaa unavyokuwa bila magari. Walikwenda mpaka nyumbani kwa waziri mkuu, Joop den Uyl, wakaimba na kudai mitaa salama, naye akatoka akawasikiliza. Katika mtaa wa De Pijp, mjini Amsterdam, watoto wenyewe walidai barabara yao ifungwe wapate pa kuchezea. Televisheni iliwaonyesha mwaka 1972 wakiweka vizuizi, na madereva waliokasirika wakishuka kuviondoa. Mabishano hayo hayakuwa madogo. Mwenye gari alikuwa mpiga kura, alilipa kodi, na alikuwa na haraka ya kwenda kazini.

Kisha hali ya dunia ikawasaidia. Mwaka 1973 yalipozuka matatizo ya mafuta, serikali ya Uholanzi ilipiga marufuku magari siku za Jumapili kwa majuma kadhaa, kuanzia tarehe 4 Novemba. Watu walitembea na watoto wakateleza kwa viatu vya magurudumu kwenye barabara kuu. Wengi walikuwa wamesahau jinsi mji unavyosikika bila injini.

Wakati huohuo, katika mji mdogo wa Delft, jambo jingine lilikuwa limekwisha kuanza, nalo ndilo lenye mafunzo zaidi kwetu. Mipango ya manispaa ilikuwa na mhandisi, Joost Váhl, ambaye badala ya kuongeza vibao vya kukataza alibadilisha umbo la njia. Aliweka matuta. Aliupinda mtaa ulionyooka ili dereva asione mbali na asipate mahali pa kuongeza mwendo. Mti ukapandwa mahali ambapo gari lingetaka kupita, benchi likawekwa mahali ambapo lingetaka kusimama, na ukingo uliotenganisha waenda kwa miguu na magari ukaondolewa kabisa, ili dereva ajione kama mgeni aliyeingia uani kwa watu. Mtaa wa namna hiyo uliitwa woonerf. Jina hilo lilitungwa katika miaka ya 1960 na mtaalamu wa mipango miji Niek de Boer, na ukilipasua utapata maneno mawili: kukaa, na ua. Ua wa kukaa. Sisi watu wa huku hatuhitaji kufafanuliwa sana ua ni nini. Mgeni akiingia uani hapigi mbio. Hupiga hodi.

Mwaka 1976 woonerf iliingia katika sheria ya Uholanzi. Sheria ilisema mambo machache yaliyo wazi: anayetembea anaruhusiwa kutumia upana wote wa njia, watoto wanaruhusiwa kucheza humo, gari liende kwa mwendo wa mtu anayetembea, na lisimame mahali palipowekewa alama tu. Kibao chake kina picha ya nyumba, mtu mzima, mtoto na mpira, pamoja na gari. Mambo hayo yaliigwa Ujerumani na nchi nyingine za Ulaya. Katika miaka ya 1980 Waholanzi waliona kwamba kubomoa na kujenga upya kila mtaa ni gharama kubwa, wakaanza kutumia njia rahisi zaidi: eneo zima la makazi kupewa kikomo cha kilomita 30 kwa saa, matuta na milango myembamba ya kuingilia. Kati ya mwaka 2010 na 2019, ingawa magari yalikuwa mengi kuliko yale ya 1971, waliouawa barabarani nchini humo hawakufika 700 katika mwaka wowote. Si kwa sababu ya woonerf peke yake. Mikanda ya magari, hospitali na sheria za ulevi vilichangia. Lakini njia iliguswa, na hilo ndilo ninalolisisitiza.

Kwa nini kilomita 30? Ni hesabu tena. Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa kwenye lami kavu husimama ndani ya mita 13 hivi, ukihesabu na ile sekunde ya dereva kushtuka. Linalokwenda 50 huhitaji mita zaidi ya 25. Kwenye changarawe ni zaidi ya hapo. Na mtu akigongwa kwa kilomita 30 mara nyingi hupona. Kadiri mwendo unavyozidi hapo ndivyo tumaini linavyopungua haraka. Mwezi Februari 2020, katika mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm, mataifa yalikubaliana kwamba kilomita 30 kwa saa ndiyo iwe kikomo mahali ambapo waenda kwa miguu na magari huchanganyika.

Kuna habari nyingine fupi ambayo wazee wetu wa mabaraza wataipenda. Karibu mwaka 1970 msomi Donald Appleyard alilinganisha mitaa ya San Francisco, Marekani, iliyofanana kwa mambo mengi isipokuwa wingi wa magari. Aligundua kwamba wakazi wa mtaa wenye magari machache walikuwa na marafiki mtaani mara tatu ya wale wa mtaa wenye magari mengi. Kwa hiyo njia mbaya huvunja miguu na pia huvunja ujirani. Ni huzuni kueleza kwamba Appleyard mwenyewe aliuawa na gari lililokuwa likienda mbio, mjini Athens, mwaka 1982.

Msomaji anaweza kusema hayo ni ya Wazungu na fedha zao. Basi tutazame karibu. Mji wa Lamu, katika pwani ya Kenya, ulioandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, ulijengwa kwa kipimo cha mtu na punda. Vichochoro vyake ni vyembamba, vinapinda, na kwenye milango kuna mabaraza ya mawe ambapo watu huketi na kuwaona wapitao. Njia nyembamba haikuwa dalili ya umaskini kwa wale waliojenga Lamu, maana walikuwa matajiri wa biashara ya bahari. Walijua njia ni ya nani.

Na tutazame Dar es Salaam. Huko shirika la Amend lilianzisha mpango uitwao SARSAI wa kupima maeneo ya shule ambako watoto wengi walikuwa wakigongwa, na kurekebisha machache yanayohitajika: njia ya miguu kando ya barabara, matuta, nguzo fupi za kuzuia magari yasipande njiani, kivuko chenye alama, na mara nyingine kuhamisha lango la shule kutoka barabara kuu na kulielekeza kwenye njia tulivu. Majeruhi walipungua takriban kwa robo katika shule zilizofanyiwa kazi. Mwaka 2019 mpango huo ulipewa tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI. Mimi kama mwalimu nilisimama sana kwenye lile la lango. Kuhamisha lango ni kazi ya fundi mmoja na siku mbili, na halihitaji mfadhili kutoka mbali.

Sasa turudi kwenye ukanda wetu. Sidai nyumba zijengwe humo, wala miti ipandwe ya kushika moto. Upana wa mita 30 ubaki, kwa ajili ya moto. Lakini njia ya kupita magari ndani ya ukanda huo inaweza kuwa mita 6 tu, ikawekewa mawe makubwa yaliyopakwa chokaa pande zote mbili, na matuta kila inapokaribia njia ya shule. Turudie hesabu: mtoto atavuka mita 6 kwa sekunde 6, na pikipiki katika sekunde hizo itakwenda mita 66, hata kama tuta halijaipunguza mwendo. Kutoka mita 330 mpaka 66. Mawe hayaunguzwi na moto. Sehemu iliyobaki ya ukanda ni ya waenda kwa miguu, na jioni ni ya mpira, kama ilivyo sasa, ila mpira hautachezwa katikati ya pikipiki.

Nimesikia hoja tatu dhidi ya jambo hili, na zote zinastahili jibu. Ya kwanza ni ya ndugu zetu wa maji: lori lao litapitaje? Mita 6 zinalitosha, na mawe yanaweza kuachiwa nafasi kwenye matangi, mahali linapogeukia. Gari la wagonjwa vilevile. Ya pili ni mvua. Tuta lililowekwa vibaya huzuia maji na kuyaingiza nyumbani kwa watu, kwa hiyo kila tuta liachwe wazi pembeni au lipitishiwe mtaro chini. Hili tusilifanye bila mafundi wa mitaro, ambao tunao humu humu kambini. Ya tatu ni ya vijana wa pikipiki, na ndiyo nzito zaidi. Wanasema kila kitu kikiharibika wao ndio hulaumiwa, na sasa njia yao inabanwa. Nadhani wana haki ya kuwepo kwenye kikao tangu mwanzo, kabla jiwe la kwanza halijabebwa. Wao wanajua kuliko mimi mahali ambapo pikipiki huteleza, mahali watoto hutokea ghafla nyuma ya vibanda vya soko, na mahali ambapo abiria hushuka. Na yule kijana wa muhula uliopita aliniambia kwamba tangu siku ile hushuka na kuikokota pikipiki kila anapopita mbele ya shule. Mteja mmoja amemwacha kwa sababu hiyo.

Kwa ndugu wa mashirika nina ombi moja. Ramani za kambi huchorwa ofisini na kusasishwa ofisini, na mara nyingi sisi huiona ramani ikiwa imekwisha kubandikwa ukutani. Tunaomba nakala moja kubwa ije kwa Kamati, iwekwe mezani, na watoto wa darasa la saba wachore juu yake kwa kalamu nyekundu njia wanazopita kweli kwenda shule, kuchota maji na kutafuta kuni. Nina hakika mistari yao haitafanana na mistari ya ramani.

Kamati imekubali kuanza na kipande kimoja tu, kile kilicho kati ya soko dogo na lango la shule ya msingi. Jumamosi ijayo saa mbili asubuhi tutakipima. Viongozi wa bloku nne zinazopakana nacho walete kamba ya mita 30 na vigingi. Vijana wa pikipiki wamealikwa, na wameahidi kuja watano. Mafundi wa mitaro watakuja na koleo. Wazazi wa darasa la kwanza na la pili wanaombwa waje na watoto wao, kwa sababu tutawavusha mara kadhaa na kupima kwa saa ni sekunde ngapi kila mmoja anatumia. Pikipiki zitasimamishwa kwa muda huo.